Kabla hujachagua kazi ya kwanza ya mashine ya kukereza nyumbani

Ukishanunua mashine ndogo ya kukereza, ile ambayo mafundi wengi wanaiita lezi, inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga, ukaifunga kwenye meza ya chumba cha uani, kitu cha kwanza utakachotaka kuchonga ni injini. Umeona picha ya injini ya mvuke yenye kimo cha shubiri moja, flaiwili, lile gurudumu zito la injini, inazunguka, pistoni inapanda na kushuka, na roho imeshatulia hapo. Subiri kwanza. Soma haya kabla hujakata chuma.

Miwani ya usalama vaa. Glavu, pete, mkufu na mikono mirefu ya shati, vua. Chaki ni kile kishikio chenye taya tatu kinachobana kazi; ufunguo wake usiuache umechomekwa hata kwa sekunde moja. Meza iwe nzito na isicheze, kwa sababu meza ikitikisika kazi inatoka na mawimbi.

Madini usiokote tu. Kipande cha ekseli ya gari kinavutia kwa sababu ni cha bure, lakini kimepikwa kikawa kigumu, kitakula visu vyako vyote na utadhani kosa ni lako. Anza na alumini, chuma laini, au fimbo ya brasi kutoka kwa wauza vyuma chakavu. Kwa brasi, uso wa juu wa kisu uwe bapa, usiwe na mteremko, la sivyo kisu kitajivuta na kuzama ndani. Biti ya kutobolea nayo hufanya vivyo hivyo. Ishike kwa nguvu na uipeleke polepole.

Angalia pia mchoro wa injini umetumia vipimo gani. Fani hii ya kuchonga mifano ya mashine imekomaa sana Uingereza, na London chama chake kilianzishwa mwaka 1898, kwa hiyo michoro mingi ya zamani ni ya inchi na skrubu zake ni za BA, mfumo wa zamani wa Kiingereza wa skrubu ndogo. Skrubu ya 2BA ina unene wa milimita 4.7 na hatua, yaani umbali kati ya uzi na uzi, ya milimita 0.81. Sijawahi kuiona tapu yake, kile kifaa cha kukatia nyuzi ndani ya tundu, kwenye duka lolote hapa Tanga. M5, skrubu ya milimita 5 yenye hatua ya 0.8, inafaa badala yake, na tundu la tapu litobolewe kwa biti ya 4.2. Ila badilisha mchoro mzima kwa siku moja, kwa kalamu, kabla ya kutoboa chochote. Ukibadilisha huku unachonga, tundu moja litakuwa la M5 na mwenzake la kupitishia skrubu litabaki la 2BA.

Sasa tuje kwenye ukubwa. Hapa ndipo nilipoumia.

Karatasi ya mashine yangu iliandika kuwa duara kubwa inayoweza kuzungusha ni la milimita 180. Nilikuwa na mchoro wa injini yenye flaiwili ya milimita 150, nikaona nafasi ipo na inabaki. Nikampelekea mtu wa kusubu, akanitolea gurudumu zuri la chuma cha kusubu, zito, ambalo nilitembea nalo mtaani nikiwaonyesha watu. Kwenye chaki likaingia vizuri. Nilipotaka kunyoosha ukingo wake ndipo nikagundua kuwa ile 180 ni nafasi ya juu ya kitanda cha mashine. Juu ya kibebeo cha kisu, kile kinachosogea mbele na nyuma, nafasi ni 110 tu. Kibebeo hakiwezi kupita chini ya gurudumu. Nikakitoa kisu nje sana ili kifike, na kisu kilichotoka hivyo hutetemeka. Ukingo ukalia kama bati linalokwaruzwa.

Nikapunguza kasi, na hapo nikaongeza kosa juu ya kosa. Chuma cha kusubu kwa kisu cha kawaida kinataka mwendo wa kama mita 20 kwa dakika. Mzingo wa gurudumu la milimita 150 ni karibu milimita 471, kwa hiyo mizunguko inayotakiwa ni kama 42 tu kwa dakika. Mota ndogo za namna hii hazina nguvu zikienda polepole hivyo, na feni iliyo kwenye shafti ya mota nayo inazunguka polepole, kwa hiyo mota haipoi. Juu ya hayo, ganda la nje la chuma kilichosubiwa ni gumu na lina mchanga. Kisu kilipaswa kuzama chini ya ganda tangu mkato wa kwanza, mimi nikawa nakwangua juujuu kwa kuogopa. Jioni ya tatu nikasikia harufu. Bodi ya umeme inayotawala kasi ilikuwa imeungua. Nilisubiri wiki tisa kupata nyingine, na mashine imekaa pale imefunikwa shuka.

Kwa hiyo shika mchoro, tafuta duara kubwa kuliko yote, ulilinganishe na ile namba ndogo, ya juu ya kibebeo. Kisha piga hesabu ya mizunguko kama nilivyokuonyesha. Kwa mashine kama yangu sichukui tena kipande kinachozidi milimita 80. Hata Stuart 10V, injini ya Kiingereza ambayo wanaoanza wengi wameijenga, flaiwili yake ni ya inchi 3, na inatosha kabisa kukufundisha.

Lakini usianze hata na hiyo. Anza na timazi ya brasi. Ndani yake kuna kunyoosha uso, kupunguza unene, kuchonga ncha ya mshazari, kutoboa katikati na kutia nyuzi za skrubu, na ukiharibu umepoteza kipande cha urefu wa kidole. Ukimaliza mpe fundi mwashi aitumie, atakwambia kama imechongwa sawa. Halafu mpini wa tapu. Halafu injini ya silinda inayoyumba, ambayo haina vali za kusumbua, na uiendeshe kwa upepo wa kompresa.

Boila iache kabisa kwa sasa. Chombo chenye mvuke wa shinikizo kinapasuka, na hupimwa kwanza kwa maji, mara mbili ya shinikizo la kazi, mbele ya mtu anayejua.

Mengine ni ya kila siku. Watoto wasiingie mashine ikiwa kwenye umeme. Nyuzi za chuma zilizokatwa zitoe kwa brashi, zinakata vidole kama wembe. Umeme ukikatika, zima swichi kabla hujafanya lingine, maana utarudi wakati mkono wako uko ndani. Na sisi wa pwani, kitanda cha mashine kipakwe oili kila jioni, hata siku ambayo hukuiwasha.