Kula na Kunywa Katika Doria Ndefu ya Nyambizi: Mwongozo kwa Mchezaji wa Bukavu

Mchezo wa kuendesha nyambizi kwenye kompyuta haufanani na mchezo wa kandanda au wa mbio za magari, ambao mtu huucheza dakika ishirini akainuka. Doria moja katika Silent Hunter III, mchezo uliotoka mwaka 2005 na ambao bado unapendwa kwa sababu hauzishindi kompyuta za zamani, inaweza kumkalisha mtu tangu jua linapozama hadi wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wanaporudi ufukweni na taa zao. Katika muda huo wote mtu atakula na atakunywa tu. Tofauti ni kati ya anayekula kwa mpango na anayeshika chochote kilicho karibu. Baada ya miaka kadhaa ya kuharibu kibodi na kuzamishwa kwa sababu zisizo na maana, nimefikia uamuzi kwamba chakula cha doria hakichaguliwi kwanza kwa utamu wake, bali kwa kufuata mwendo wa doria yenyewe: ziko saa ambazo mikono yote miwili iko huru, ziko dakika ambazo mkono mmoja tu ndio huru, na uko wakati ambapo hata kutafuna ni kosa.

Anza na mlo kamili kabla ya kuwasha kompyuta. Vitafunio havichukui nafasi ya bugali, na mtu anayeondoka bandarini akiwa na njaa humaliza karanga zote kabla hajaona meli hata moja. Hata hivyo, bugali mzito wa muhogo ukifuatwa na kiti chenye mto huleta usingizi usiozuilika. Kwa hiyo kula kiasi, walau saa moja kabla, sombe (kisamvu) na maharagwe vikizidi bugali kwenye sahani, kisha utumie muda unaobaki kuchemsha maji na kupanga meza.

Sehemu ndefu kuliko zote ni safari ya kufika eneo la mawindo. Nyambizi ya Kijerumani ya aina ya VIIC iliweza kwenda maili za baharini zipatazo 8,500 juu ya maji kwa mwendo wa noti 10, yaani maili 10 za baharini kwa saa, na hakuna mwenye subira ya kuitazama safari hiyo kwa saa halisi. Ndiyo maana mchezo huharakisha muda: ukiupandisha hadi mara 1,024, siku nzima ya baharini hupita kwa sekunde 84 hivi. Hapa ndipo mahali pa vyakula vinavyohitaji mikono miwili, kama mahindi ya kuchoma, machungwa, miwa iliyokatwa na viazi vitamu vya kuchemsha. Lakini muda huo hurudi ghafla kuwa wa kawaida mara mlinzi anapoona moshi au ndege, na mchezaji ambaye vidole vyake vinang'aa mafuta hukutwa kama mwizi wa nyama mbele ya sufuria. Weka kitambaa chenye unyevu upande wa kulia na kikavu upande wa kushoto, na usiguse kipanya kabla ya kupitia vyote viwili.

Juu ya sambaza nina mengi ya kusema, kwa kuwa sioni kitafunio kinachomfaa zaidi mtu wa Bukavu. Samaki hawa wadogo, walioletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakikaangwa hadi wakauka huliwa wazima pamoja na mifupa yao, wala hawaachi takataka mezani. Wachague wabichi asubuhi, waoshe, wachuje vizuri, watie chumvi na ndimu, kisha wakaange kidogo kidogo katika mafuta yenye moto mkali, maana ukiwajaza wote kwa pamoja mafuta hupoa na samaki hunywa mafuta badala ya kukauka. Watandaze juu ya karatasi mpaka wapoe kabisa kabla ya kuwafunika. Wakifunikwa wakiwa moto, mvuke huwalainisha, na sambaza laini ni bure. Wakati wa kuwala, tumia njiti ya kuchokolea meno, umchome mmoja mmoja, ili kidole kisimguse samaki hata kidogo. Pilipili iache jikoni. Mtu anayechungulia periskopu, darubini ya nyambizi, kwa saa tatu hupangusa macho bila kujua, na mimi niliwahi kuiacha meli ya mafuta ya tani nyingi ipite salama kwa sababu nilikuwa bafuni nikijimwagia maji usoni.

Karanga zinafuata kwa karibu. Nunua mbichi, uzichambue mwenyewe penye mwanga, na utupe kila punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye harufu ya ukungu, kwa kuwa ukungu wa karanga zilizohifadhiwa vibaya hutoa sumu ya aflatoksini, na kukaanga hakuiondoi yote. Zilizo nzuri zinyunyizie maji ya chumvi, ziache zikauke, kisha uzikaange kwa moto mdogo wa mbabula (jiko la makaa) huku ukikoroga bila kuacha, mpaka ganda jekundu litoke kwa kusuguliwa tu. Hilo ganda liondoe lote na ulipepete nje ya nyumba. Wengi hulidharau kwa kuwa ni jepesi, lakini wepesi huohuo ndio unaolipeleka chini ya vitufe vya kibodi, ambako husubiri sisimizi.

Maandazi hufaa yakiwa madogo kiasi cha kuingia kinywani mara moja. Mwombe mama anayekuuzia akuchotee ya jana jioni kama yamebaki, kwa kuwa yameshatema mafuta. Atakushangaa, lakini atakupunguzia bei. Jibini ya Masisi, inayotufikia kwa njia ya Goma, ikatwe vipande vya ukubwa wa dadu na kufunikwa.

Msafara wa meli ukishaonekana, sheria hubadilika. Mkono wa kulia uko kwenye kipanya, wa kushoto uko kwenye kibodi, na akili iko kwenye pembe na mwendo wa meli inayolengwa. Hapa usile. Unywe tu, kwa chupa yenye kizibo cha kunyonyea au kikombe chenye mfuniko, usije ukainua kikombe kilicho wazi juu ya kompyuta wakati moyo unakudunda. Ukisharusha topedo, kombora la chini ya maji, kuna nafasi fupi: topedo ya umeme ya G7e, yenye mwendo wa noti 30, hukata mita 1,500 kwa sekunde 97 hivi. Muda huo unatosha kula ndizi moja ndogo, lakini hautoshi kumenya chungwa, na hesabu hiyo nimeihakikisha mwenyewe mara nyingi kuliko inavyopendeza kukiri.

Kisha huja wakati wa kujificha, na hapo sikio ndilo linalotawala. Ukiwa chini ya maji, manowari za kusindikiza zikikuzunguka, unachokijua kuzihusu hukujia kupitia haidrofoni, kifaa cha kusikilizia sauti chini ya maji: kasi ya rafadha, upande zinakotoka, kama zinakaribia au zinatoka. Mtu aliyevaa vipokea sauti vinavyoziba masikio husikia kutafuna kwake mwenyewe kukiwa kukubwa kupita kawaida, kwa sababu sauti ya taya hupitia mifupa na haina pa kutokea. Punje tatu za karanga zinatosha kukuficha rafadha ya manowari nzima. Kwa hiyo sambaza, karanga, mahindi na kila kilicho katika mfuko wa plastiki unaochakarika viwekwe mbali mpaka hatari ipite, na kama njaa haivumiliki, kula ndizi, kipande cha jibini au andazi lililochovywa kwenye chai. Tukicheza watatu chumba kimoja, mmoja kwenye kompyuta, mmoja akiwa na kalamu na karatasi ya hesabu, na yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, akiwa zamu ya mapumziko, huyo wa mapumziko ndiye mwenye kazi ya chakula, naye hukatazwa kufungua kitu chochote chenye kelele bila ruhusa ya nahodha. Analalamika kila mara, kwa haki.

Vinywaji vinahitaji mpango kuliko chakula, kwa sababu kosa la kinywaji hulipwa mara mbili, kwenye kibodi na kwenye kibofu. Maji yawe ya kwanza na mengi kuliko vingine. Yachemshe mchana, yafunike, uyaweke karibu na dirisha. Usiku wa Bukavu, katika urefu wa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, utayapoza bila friji. Urefu huohuo una faida kwa mpenzi wa kahawa. Kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na hicho ndicho kiwango cha joto kinachofaa kumimina juu ya kahawa ya arabika iliyosagwa bila kuiunguza. Hivyo hauhitaji kusubiri yapoe kwanza kama anavyofanya mtu wa pwani. Kahawa ya Kalehe au ya Idjwi, iliyochomwa wiki hiyo, ikichujwa kwa kitambaa safi na kutiwa katika chupa ya chai, hubaki na ladha nzuri kwa saa nne.

Usiinywe yote, lakini. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya iliweka mwaka 2015 kiwango cha hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya, na si zaidi ya 200 kwa mara moja. Kikombe cha kahawa huwa na 80 hadi 100 hivi, chai nyeusi karibu nusu yake. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu lina miligramu 80 na sukari ya kutosha kunata kila kinachoguswa, na kwa gharama yake unapata kahawa ya doria nzima. Kwa kuwa nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa tano hivi, anayetaka kulala saa nane usiku anywe kikombe cha mwisho kabla ya saa tatu, kisha ahamie kwenye tangawizi: kwangua kipande cha ukubwa wa kidole gumba, chemsha katika lita moja ya maji kwa dakika kumi, chuja, ongeza ndimu na asali kidogo. Maji ya marakuja ni matamu, lakini yanata. Yabaki kwenye chupa iliyofungwa. Kasiksi (pombe ya ndizi) na bia ziache mpaka nyambizi irudi bandarini, kwa kuwa pombe huharibu hesabu za pembe kabla haijaharibu furaha.

Kuhusu kibofu, historia yenyewe inatoa onyo. Tarehe 14 Aprili 1945, karibu na pwani ya Uskoti, nyambizi ya U-1206 ilipotea baada ya choo chake cha shinikizo kutumiwa vibaya ikiwa chini ya maji: maji ya bahari yaliingia, yakafika kwenye betri, gesi ya klorini ikajaa, na nahodha akalazimika kuibuka juu. Kwako hatari ni ndogo zaidi, ila sitisha mchezo na uende chooni unapoona msafara ukiwa bado mbali, si wakati mabomu yanadondoka. Katika UBOAT, mchezo mwingine wa nyambizi uliotoka katika toleo kamili mwaka 2024, mabaharia nao huhitaji kulishwa; mimi huitumia njaa yao kama kengele ya kuinuka mwenyewe na kunyoosha miguu.

Umeme ukikatika, na delestaji (mgao wa umeme) haisubiri mtu amalize shambulio, chakula kilichopangwa hivi hakidhuriki: maji yameshachemshwa, kahawa iko kwenye chupa ya chai, sambaza wameshapoa. Onduleri, kile kifaa cha akiba ya umeme, kama unayo, iachie kompyuta peke yake. Jambo moja sitalisema kwa upole. Usiingize mbabula yenye makala (makaa) chumbani ili kupasha chai au kufukuza baridi huku umefunga mlango na dirisha. Makala hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyeketi ametulia kwa saa nyingi huudhania usingizi wake kuwa ni uchovu wa mchezo. Moto ubaki nje.

Meza yenyewe ipangwe hivi: kompyuta peke yake juu ya meza, na vinywaji vyote juu ya kigoda kilicho chini ya usawa wa kibodi, upande ambao kipanya hakipo. Kikombe kikianguka kutoka kigodani, humwagikia sakafuni. Kikianguka kutoka mezani, huchagua njia iliyo mbaya zaidi. Nilijifunza hilo kwa chai ya maziwa yenye sukari vijiko vinne, iliyomwagika wakati topedo ilipogonga nikaruka kwa furaha. Likikukuta, zima kompyuta papo hapo kwa kukandamiza kitufe, chomoa chaja na betri ikiwa inatoka, iinamishe kibodi ikiangalia chini, na usiiwashe kabla ya siku mbili hata ikionekana imekauka. Fundi aliyeifungua yangu alikuta sukari imeganda chini ya vitufe vyote vya kushoto, na mpaka leo kitufe cha kuzamisha nyambizi hukwama kidogo kabla ya kuitikia.

Mwishoni mwa doria, hifadhi mchezo kwanza, ndipo uinuke. Karanga zilizobaki zirudi kwenye chupa yenye kifuniko, sambaza waliobaki waliwe asubuhi na bugali uliopashwa, na chupa ya chai ioshwe usiku huohuo kwa maji ya moto, kwa kuwa kahawa iliyolala humo hubakiza ladha chungu katika doria ya kesho.