Kupiga picha za jakaranda Nairobi na simu tu

Huku hatuna majani ya kugeuka rangi kama Ulaya lakini Oktoba jakaranda zikichanua State House Road inakuwa zambarau juu mpaka chini, so toka mapema, saa moja hivi asubuhi, jua la saa sita linaua rangi kabisa. Usiweke anga jeupe nyuma, maua yatatoka meusi, tafuta miti ya kijani iliyokolea alafu gusa maua kwa skrini ushushe mwanga kidogo. Mawingu ni mazuri, usirudi nyumbani!! Mvua ikiisha chuchumaa kabisa, piga yale yaliyoanguka kwa lami, ukikaribia unaona kila ua ni kengele ndogo yenye tone la maji ndani, mimi hizo ndio napenda zaidi. Na muangalie magari jamani.