Mshono wa vinundu kwa kroshia: somo na maswali

Kinundu ni dabo 5 (dabo, double crochet, ni mshono mrefu) zinazoanzia tundu moja na kufungwa pamoja juu. Kinatokeza kwa sababu majirani zake ni singo (single crochet), na singo ni fupi: dabo zinakosa pa kunyooka, zinabinuka kwenda nje. Ukizizungushia dabo wenzake, kimo kinalingana na kinundu kinalala bapa.

Majina hapa ni ya Kimarekani. Patani za Uingereza huiita singo hii dabo, na dabo hii trebo. Angalia hilo kabla hujagusa uzi.

Tumia uzi usio na manyoya, unene wa namba 4 (wa kati), rangi nyepesi, na sindano ya kroshia ya milimita 5. Uzi mweusi uache kwanza, hutaona vitanzi vya kuhesabu. Idadi ya mishono ni 4 mara namba yoyote, ongeza 3. Sampuli yetu ina 23.

Mstari 1 (uso, yaani upande wa mbele): Cheni 24, yaani mnyororo wa vitanzi vya kuanzia. Ruka cheni iliyo karibu na sindano, kisha singo moja kila cheni. Hesabu 23.

Mstari 2 (mgongo): Cheni 1, geuza. Singo 3, kisha kinundu 1 na singo 3, rudia hadi mwisho. Vinundu 5.

Mstari 3: Cheni 1, geuza, singo tupu 23.

Mstari 4: Cheni 1, geuza. Singo 1, kinundu 1, kisha singo 3 na kinundu 1, rudia mpaka ubaki mshono mmoja; uweke singo. Vinundu 6, vikipishana na vya chini.

Mstari 5 ni kama wa 3, halafu rudi wa 2.

Kinundu chenyewe: zungusha uzi kwenye sindano, ingia kwenye mshono, vuta uzi, una vitanzi 3. Zungusha, pitisha kwenye viwili, vinabaki 2. Hiyo dabo usiimalize. Rudia mara 4 zaidi tundu lile lile, na kila mara kitanzi kimoja kitaongezeka mpaka 6. Sasa zungusha uzi, upitishe vyote 6 kwa mkupuo. Sindano ikikwama, bana shina la kinundu kwa kidole gumba na uelekeze mdomo wa sindano chini. Singo inayofuata ikaze kidogo, maana ndiyo kufuli. Ikilegea, kinundu kinaacha tobo pembeni. Kisha kisukume kwa kidole kiende upande wa uso.

MASWALI

Mwalimu, vinundu vyangu vingine viko mbele, vingine nyuma. Nimekosea wapi?
Umeviweka kila mstari. Vinatokea upande usiokutazama, kwa hiyo ni mistari ya 2, 4, 6 tu.

Nilianza na 23, sasa nina 19, na kingo zinaingia ndani.
Kichwa cha kinundu ni mshono mmoja, ila hujificha nyuma ya nundu, nawe unakiruka kwenye mstari wa singo. Kivute kwa ncha ya sindano ukione. Fumua hadi mstari wa mwisho wenye 23. Kuongeza mishono pembeni kutapindisha vinundu vyote vya juu.

Naweza kupiga pasi?
Hapana. Uzi wa akriliki (wa plastiki) ukipata joto hulegea na haurudi. Lowesha, kamulia ndani ya taulo, bana kwa pini uso ukiwa juu, iache ikauke.

Hii ndiyo popukoni?
Siyo. Popukoni ni dabo 5 zilizokamilika. Unatoa sindano, unaiingiza kwenye kichwa cha dabo ya kwanza, unakamata kitanzi ulichoacha na kukipitisha. Ukiwa upande wa uso, ingiza sindano kutoka mbele. Ukiwa mgongoni, kutoka nyuma. Inasimama imara kuliko kinundu, lakini kutoa na kurudisha sindano kila mara kunachosha kwenye blanketi zima.