Viendelezi vitatu vinatosha: kuandaa kivinjari cha kazi hatua kwa hatua

Ninaendesha duka la steshenari hapa Ngamiani, Tanga, lenye kompyuta mbili kuukuu, moja ikiwa na kumbukumbu ya GB 4 tu, na intaneti yetu inatokana na bando la simu. Watu huja kujaza maombi ya mikopo ya masomo, kutazama matokeo ya mitihani, kuomba ajira na kuchapa barua, na karibu kazi yote hiyo hupita ndani ya kivinjari. Kiendelezi ni programu ndogo inayoongezwa ndani ya kivinjari hicho ili kukipa uwezo ambacho hakikuwa nao. Lakini kiendelezi hukaa mahali pabaya iwapo hakiaminiki: kinaweza kusoma ukurasa unaousoma wewe na kuona neno la siri unaloliandika. Ndiyo maana natumia vitatu tu.

Hatua ya 1: Kagua vilivyomo kabla ya kuongeza

Kwenye Chrome, andika chrome://extensions katika mstari wa anwani. Kwenye Firefox, andika about:addons. Utaona orodha ya viendelezi vyote vilivyowekwa, na usishangae ukikuta usivyovijua, kwa kuwa baadhi huingia vikiwa vimeambatana na programu za bure zilizopakuliwa ovyo. Ondoa kila ambacho huwezi kueleza kinakufanyia nini. Kisha fungua maelezo ya vilivyobaki usome ruhusa zake. Ruhusa ya kutazamwa kwa makini kuliko zote ni ile ya kusoma na kubadilisha data yako kwenye tovuti zote. Kizuia matangazo kinaihitaji kweli, kwa sababu matangazo yako kila mahali. Kikokotoo au kiendelezi cha kubadilisha rangi ya mandhari hakiihitaji, na kikiiomba, kiondoe. Chrome pia inakuruhusu kupunguza ruhusa hiyo, ili kiendelezi kifanye kazi pale tu unapokibofya au kwenye tovuti uliyoitaja.

Hatua ya 2: Weka uBlock Origin

Hiki ndicho ningekibakiza iwapo ningelazimika kuchagua kimoja. Kimetengenezwa na Raymond Hill, kilianza mwaka 2014, ni bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua. Hakikisha jina ni uBlock Origin kamili na kwamba mtengenezaji ndiye huyo, maana yapo majina yanayofanana nalo ambayo hayahusiani naye hata kidogo.

Faida yake kwetu tunaolipia kila megabaiti ni kwamba hakisubiri tangazo lipakuliwe ndipo kilifiche, bali hulizuia ombi lenyewe kabla halijatoka kwenye kompyuta. Bando halitumiki, na ukurasa hufunguka mapema zaidi.

Faida ya pili niliiona siku binti mmoja alipokaa kwenye kompyuta ya pembeni, ambayo wakati huo ilikuwa bado haijawekewa kitu, akitafuta fomu katika tovuti moja ya kupakua nyaraka. “Shikamoo dada,” akaniita, “nabofya Pakua, nabofya tena, fomu haiji.” Nilipoinama kutazama, ukurasa ulikuwa na vitufe vitatu vya kijani vilivyoandikwa Pakua. Viwili vilikuwa matangazo, na faili alilokwisha kulipakua lilikuwa programu ya kusakinisha wala si fomu. Niliifuta kabla hajaifungua, nikaweka uBlock Origin, nikaufungua ukurasa uleule upya. Kikabaki kitufe kimoja, kidogo, cha kijivu, chini kabisa.

Chaguo-msingi zake zinatosha, ila lipo jambo moja ninaloliongeza. Fungua mipangilio yake, nenda sehemu ya tabia za kawaida, uwashe kipengele cha kuzuia picha na video kubwa, ambacho huanza na kikomo cha KB 50. Tangu hapo picha kubwa hazitapakuliwa mpaka uzibofye mwenyewe. Mimi huwasha kipengele hiki bando linapokaribia kwisha na kukizima nikiongezewa. Tovuti ikikataa kufanya kazi sawasawa, na hasa kurasa za malipo, bofya alama ya uBlock Origin, uzime kitufe kikubwa kwa tovuti hiyo peke yake, kisha upakie ukurasa upya. Usikiondoe kiendelezi chote kwa ajili ya tovuti moja.

Kuhusu kivinjari cha kukiweka: kati ya mwaka 2024 na 2025 Google iliondoa ndani ya Chrome mfumo wa zamani wa viendelezi ambao uBlock Origin kinautegemea. Kwenye Chrome kimebaki uBlock Origin Lite, ambacho huzuia matangazo vizuri lakini kina uwezo pungufu. Toleo kamili linaendelea kwenye Firefox, nami nimehamia huko kwa sababu hiyo. Kwa wanaotumia simu, Chrome ya Android haipokei viendelezi, ilhali Firefox ya Android inavipokea, na tangu Desemba 2023 milango yake imefunguliwa kwa viendelezi vingi zaidi.

Hatua ya 3: Hifadhi maneno ya siri kwa Bitwarden

Daftari la maneno ya siri chini ya kaunta ni hatari, na neno moja linalotumika kwenye akaunti zote ni hatari zaidi. Bitwarden huyahifadhi yakiwa yamefungwa kwa neno kuu moja unalolijua wewe peke yako, na toleo la bure halikuwekei ukomo wa idadi ya maneno wala ya vifaa. Jisajili, chagua neno kuu refu, kwa mfano maneno manne au matano yasiyohusiana, kisha liandike kwenye karatasi uiweke nyumbani, kwa kuwa ukilisahau kampuni yenyewe haina namna ya kukurejeshea.

Thamani yake kubwa ni katika kutambua tovuti za kughushi. Niliwahi kupata barua pepe ikidai kwamba akaunti ya duka ingefungwa jioni ileile. Nikabofya kiungo, rangi, nembo na maandishi vilikuwa vilevile nilivyovizoea. Lakini kwa kawaida nikifika kwenye ukurasa ule, alama ya Bitwarden huonyesha namba 1, maana yake ipo akaunti iliyohifadhiwa kwa anwani hiyo. Safari hii hapakuwa na namba. Nikaisoma anwani herufi kwa herufi, nikaona herufi moja imezidi. Jicho la mtu huchoka na kudanganyika, lakini kiendelezi hulinganisha anwani tu. Kisipojaza, usijaze kwa mkono. Simama kwanza uisome anwani.

Hatua ya 4: Tenganisha kazi za wateja

Akaunti za wateja zifunguliwe kwenye dirisha la faragha, ambalo likifungwa halibakishi historia wala akaunti iliyo wazi. Kwenye Firefox, viendelezi havifanyi kazi humo mpaka uviruhusu; ruhusu uBlock Origin na SingleFile cha hatua ya 5, usiruhusu Bitwarden. Ukiulizwa kama kivinjari kihifadhi neno la siri la mteja, kataa kila mara.

Hatua ya 5: Tunza kurasa kwa SingleFile

Kiendelezi hiki huhifadhi ukurasa mzima, pamoja na picha zake, katika faili moja linalofunguka bila intaneti. Mteja akimaliza maombi na ukurasa wa uthibitisho ukitokea, ninabofya alama ya SingleFile papo hapo na kumwekea faili kwenye flashi yake, kisha nafuta nakala yangu. Umeme ukikatika baadaye, ushahidi wake anao.

Hatua ya 6: Usiweke kiendelezi kwa kazi ambayo kivinjari tayari kinaifanya

Chrome ina kiokoa kumbukumbu ambacho hulaza vichupo, yaani kurasa zilizofunguliwa, visivyotumika. Kiwashe katika sehemu ya utendaji, na kompyuta ya GB 4 itapumua. Kabla yake watu wengi walitumia The Great Suspender, kiendelezi kilichokuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2. Mwaka 2020 mmiliki wake alikiuza kwa mtu asiyejulikana, na Februari 2021 Google ikakizima kwa kuwa na msimbo hasidi ndani yake. Waliokiweka hawakukosea siku walipokiweka. Kilibadilishiwa mwenye mali wakiwa hawajui. Vivyo hivyo, HTTPS Everywhere, kiendelezi cha kulazimisha miunganisho salama, kilistaafishwa Januari 2023 kwa kuwa vivinjari sasa vina chaguo la kufanya kazi hiyo vyenyewe. Liwashe katika mipangilio ya usalama, nawe huhitaji kingine.

Hatua ya 7: Rudia ukaguzi kila mwanzo wa mwezi

Rudi kwenye orodha ya hatua ya 1. Kiendelezi kikiomba ruhusa mpya baada ya sasisho, usibofye kukubali kwa haraka. Soma ruhusa hiyo, tazama jina la mtengenezaji kama ni lilelile, na ukiona limebadilika bila maelezo, kiondoe kwanza, kisha ubadilishe maneno ya siri ya akaunti ulizozifungua katika siku za karibuni, ukianza na ya barua pepe.