Funga kenchi kabla ya maleleji: ushauri wa fundi wa kupaua kutoka Kilwa

Mimi napaua nyumba, Kilwa Masoko, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Siku kimbunga Hidaya kinapita, tarehe 4 Mei 2024, nilikuwa kwa shangazi yangu nikisikia bati za jirani zinavyogonga. Upepo ulipotulia tukakuta upande mmoja wa paa lake umelala kwenye mihogo. Nilikwenda kuutazama. Misumari ya bati yote ilikuwa mahali pake! Kilichong'oka ni papi, yaani mbao zinazopigiliwa bati, maana kila papi ilishikwa kwenye kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa, kwa msumari mmoja tu.

Tangu siku ile nawaambia wenye nyumba: bati haling'oki peke yake. Upepo ukipita juu ya paa hulivuta kwenda juu, na ukiingia dirishani hulisukuma kutoka chini. Paa hubaki ikiwa kila kitu kimefungwa kwa kilicho chini yake, mpaka ukutani.

Kwa nyumba mpya, acha vipande vya nondo nyembamba vichomoze kwenye rinta, ule mkanda wa zege wa ukutani, uvikunje juu ya mtambaapanya, yaani mbao inayolala juu ya ukuta. Kenchi ifunge kwenye mtambaapanya kwa waya mnene, mizunguko miwili, uikaze kwa plaizi mpaka isitikisike. Papi nayo ifungwe kwenye kenchi vivyo hivyo. Msumari peke yake hautoshi. Bati lipigwe msumari wenye mpira, juu ya mgongo wa bati, si bondeni. Katikati ya paa unaweza kuruka mgongo mmoja, lakini pembeni, kwenye kofia ya paa kileleni na kwenye michirizi usiruke hata mmoja, kwani upepo huanzia kung'oa hapo. Paa la baraza lijenge peke yake, lisiungane na paa kubwa, ili likienda liende peke yake.

Nyumba ya zamani isiyo na dari haihitaji kubomolewa. Ngazi, plaizi, waya na siku moja ya kazi vinatosha kuifunga kenchi kutoka ndani. Na tafadhali, shusheni mawe na matairi mliyoweka juu ya bati. Paa likinyanyuka, jiwe lile linamwangukia mtoto.

Wenye makuti, tandazeni nyavu kuukuu juu ya paa na kuzifunga kwenye nguzo.

Lini? Kimbunga kilichoivunja Zanzibar mwaka 1872 na kilichopiga Lindi mwaka 1952 vyote vilikuja Aprili. Kenneth, kilichoingia Msumbiji na kuwatia hofu wenzetu wa Mtwara mwaka 2019, kilikuwa Aprili. Hidaya ni Mei. Ni wakati wa maleleji, kaskazi inapoiachia kusi. Basi kazi ya paa iishe kabla ya Machi, na usisubiri redio itangaze ndipo utafute waya dukani.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikishatangaza, angua nazi za minazi iliyo karibu na nyumba, kata matawi makavu ya mwembe, vuta ngalawa juu kabisa na uifunge. Vyeti, kadi za kliniki na hati ya kiwanja vitie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge mdomo. Jaza ndoo na madumu maji. Weka unga, mchele na dagaa wa siku kadhaa: baada ya Hidaya barabara yetu ilikatika huko Somanga, na magari ya Dar yakakwama. Anayeishi ufukweni au bondeni ahamie juu mapema, mchana, pamoja na wazee, kwa sababu bahari hupanda na upepo.

Upepo ukianza, funga madirisha na milango yote, kaeni chumba cha ndani chenye kuta imara. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake huua watu wakiwa wamelala. Na ikitokea ghafla kimya, hata jua likachungulia, msitoke! Huenda ni jicho la kimbunga linapita, na upepo utarudi kutoka upande wa pili, kwa nguvu ileile. Mngojeeni mtangazaji aseme kimekwisha.

Mkitoka, waya wa umeme ulioanguka msiuguse wala msikanyage maji yaliyouzunguka, wapigieni TANESCO. Maji ya kisima kilichofurika yachemsheni au yatieni dawa kabla ya kunywa. Msipande juu ya paa lililolegea siku hiyo, mbao zikiwa zimelowa. Ngojeni likauke, kisha anzeni kukagua mafundo ya waya kwenye mtambaapanya, moja baada ya jingine, kabla hamjanunua bati jipya hata moja.