Kununua boti ya tanga iliyotumika hapa Kigoma, na kutoka nayo siku ya kwanza

Mwakeye ndugu zangu. Kama umepata vihela na unataka boti ya tanga ya mtumba hapa mwisho wa reli, cha kwanza usiipende rangi. Mi niliipenda. Ilikuwa ya bluu, imepakwa juzi tu inang'aa, nikalipa palepale mchangani, wiki ya pili mwenzangu anafua maji kwa kopo la rangi na mi nimeshika usukani tunaangaliana tu, kumbe chini ya ile bluu ubao wa pembeni ya mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa unaobeba boti, umeoza unabonyea kama muhogo uliochemka.

Kwa hiyo nenda na kisu kidogo. Mwambie mwenye boti ailaze ubavu, afu chomeka ncha taratibu kwenye ubao unaogusana na mkuku, kwenye mataruma, yaani mbavu za ndani, na pale mlingoti unapokanyaga maana maji yanajikusanya hapo. Ubao mzima unakikataa kisu, mbovu unakipokea. Watu wa pwani watakutisha na wadudu wanaotoboa mbao, hao ni wa maji chumvi, sisi hatunao, shida yetu ni kuoza, tena maji ya mvua yanayolala ndani ndo yanaozesha kuliko ziwa lenyewe.

Ikivuja siku ya kwanza usikimbie. Boti iliyokaa juani miezi mbao zinasinyaa, iache majini siku mbili tatu zivimbe ndo uhukumu. Ikiendelea, gusa kalafati, ile pamba ya kuziba nafasi kati ya mbao, ikitoka kwa kidole hiyo ni kazi ya fundi na gharama yake itoke kwenye bei. Uzee wenyewe sio kesi, meli yetu ya Liemba ilizamishwa 1916 ikaibuliwa 1924 na injini zikapona kwa sababu Wajerumani walizipaka grisi kabla ya kuizamisha.

Tanga lielekeze juani uone vitundu, vuta na mishono. La turubai linasukuma boti ukipewa upepo wa nyuma, ila linavutika, kwenda joshi, yaani kuelekea upepo unakotoka, nalo utateseka.

Karatasi za usajili ziwe na jina la huyo anayeuza, na watu wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, washuhudie. Hela usitoe kabla hajatoka na wewe majini. Aendeshe yeye, apige bishi, yaani aigeuze boti kwa kukata upepo, mara mbili tatu. Akianza visingizio vya upepo, rudi nyumbani bana.

Sasa raha yenyewe. Asubuhi upepo unashuka milimani kwenda ziwani, mchana unageuka unatoka ziwani, kwa hiyo toka saa kumi na mbili, zunguka Bangwe taratibu mpaka Katonga, kula migebuka na ugali wa muhogo, urudi na upepo wa mchana. Kiangazi, hasa Juni mpaka Agosti, kusi, upepo wa kutoka kusini, linapiga na mawimbi yanakuwa sio ya mwanafunzi, ukiona maji yameanza kuchafuka nje usiende. Gombe, ile hifadhi ya sokwe kaskazini, isubiri, sio ya siku ya kwanza. Laifu jaketi vaa, usiikalie, Ziwa Tanganyika kina chake kinafika mita 1,470 na kujua kuogelea hakutakusaidia sana huko katikati. Beba na kasia, upepo ukifa utarudi na nini?

Demani, ile kamba ya kuvutia tanga, usiifunge. Ishike mkononi, upepo ukija wa ghafla unaiachia tu, tanga linapepea boti inasimama wima. Ukifika lianike likauke ndo ulikunje. Lile kopo la rangi bado ninalo, liko chini ya benchi.