Matairi ya Mvua: Mwongozo kwa Madereva Wetu Walioko Uingereza

Wengi wetu tuliojifunzia udereva nyumbani tulizoea kulipima tairi kwa ugumu wake. Kwenye barabara ya changarawe yenye mashimo, tairi zuri ni lile lisilopasuka ubavu, lisilopata pancha kila wiki na linalodumu mpaka mwenye gari asahau siku aliyolinunua. Kipimo hicho hakina kosa kule kilikozaliwa. Ukikihamishia Manchester, Glasgow au Cardiff, hata hivyo, kinaweza kukuponza, kwa sababu kinachomsumbua dereva wa huku ni lami laini iliyolowa kwa miezi mingi ya mwaka, tena kwenye baridi, na raba ngumu inayosifiwa kwa kudumu mara nyingi ndiyo hiyo hiyo inayoteleza.

Mimi nilijifunza jambo hili saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Novemba, nikielekea kwenye zamu ya kuhudumia wazee majumbani. Nilikuwa naingia kwenye kipilefti kwa mwendo wa maili 20 hivi kwa saa, mvua ikiwa ya manyunyu tu, mara mkia wa gari ukachomoka na nikajikuta nimetazama nilikotoka. Bahati nzuri barabara ilikuwa tupu. Matairi mawili ya nyuma nilikuwa nimeyanunua wiki chache kabla kwa muuzaji wa mitumba aliyenihakikishia kuwa bado yana kashata (mifereji ya usoni mwa tairi) za kutosha, na kwa macho kashata zilikuwapo kweli. Kulipopambazuka nikainama na tochi kusoma ubavuni: yalikuwa na umri wa miaka tisa, na raba yake ilikuwa imekauka hadi ukucha haukuweza kuacha alama.

Basi tuanze na huo ubavu, kwa kuwa habari nyingi za tairi zimeandikwa hapo. Ukikuta 205/55 R16 91V, namba 205 ni upana wa tairi kwa milimita, 55 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo, R ni aina ya muundo ambayo karibu magari yote madogo hutumia, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 91 inaonyesha kuwa tairi moja linaweza kubeba kilo 615, na V inaruhusu mwendo wa hadi kilomita 240 kwa saa. Usiteremke chini ya uzito na mwendo vilivyotajwa kwenye kitabu cha gari lako, hata kama muuzaji anakuambia huendeshi kasi hiyo. Kisha tafuta herufi DOT na uzifuate mpaka tarakimu nne za mwisho: 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tarakimu hizo mara nyingi huwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo likishafungwa zinaweza kuangalia ndani, mahali usipoweza kuzisoma bila kulala chini ya gari. Zisome kabla fundi hajaanza kazi.

Jambo la pili ni lebo. Kila tairi jipya huuzwa likiwa na lebo inayotaja mambo matatu: utumiaji wa mafuta, kelele, na mshiko kwenye barabara iliyolowa, ambao huonyeshwa kwa picha ya tairi na wingu la mvua. A ndilo daraja la juu kabisa; lebo ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu Mei 2021 inaishia E. Watu wengi hukimbilia alama ya mafuta kwa kuwa inagusa mfuko, ilhali pale kwenye wingu ndipo penye uhai wako. Lebo za kwanza zilipoanza mwaka 2012, maelezo ya Ulaya yalikuwa kwamba gari lenye matairi manne ya daraja A, likifunga breki kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, linaweza kusimama hadi mita 18 kabla ya lile lenye daraja F, ambalo lebo hizo za zamani zilikuwa nalo. Mita 18 ni urefu wa magari manne yaliyopangwa mstarini, na mtoto anayevuka barabara hahitaji hata nusu yake. Kwangu mimi, tairi lililo chini ya B kwenye mvua halina haja ya kujadiliwa bei.

Hata hivyo lebo hiyo ina mipaka. Kipimo chake hufanywa kwa tairi jipya, kwenye mstari ulionyooka, maji yakiwa membamba kiasi cha milimita moja. Hakisemi kitu kuhusu kona, wala kuhusu dimbwi refu la barabara kuu ambamo tairi huelea juu ya maji na usukani ukawa mwepesi ghafla kama wa gari la kuchezea. Kwa hayo, soma majaribio ya kila mwaka ya chama cha magari cha Ujerumani, ADAC, ambacho hulinganisha matairi ya kipimo kimoja kwenye mvua, kwenye ukavu na kwa kiwango cha kuchakaa. Nimeona humo matairi ya bei ya kati yakiyapita yale ya majina makubwa, na ya bei ya chini kabisa yakianguka vibaya, hasa kwenye maji.

Sasa kuhusu kashata, yaani mifereji inayokamua maji chini ya gurudumu. Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha milimita 8 hivi. Sheria ya Uingereza inataka kisipungue milimita 1.6 katika robo tatu ya kati ya upana wake, mzunguko mzima. Njia ya haraka ya kupima ni sarafu ya peni 20: itumbukize mferejini, na ukiiona ile pambizo ya nje ya sarafu, tairi lako huenda limevuka mpaka wa sheria. Pima sehemu kadhaa, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo huliwa kingoni na lenye upepo mwingi huliwa katikati. Mimi husubiri milimita 3 tu kisha nabadilisha, maana uwezo wa kukamua maji hushuka mapema kuliko sheria inavyoshtuka.

Ukikamatwa na tairi kipara, faini inaweza kufika pauni 2,500 pamoja na alama 3 za adhabu kwenye leseni, na hesabu hiyo ni ya kila tairi. Hapa wageni wasome mara mbili. Leseni ya Kenya au Tanzania hutumika huku kwa miezi 12 tangu uwe mkazi, kisha lazima ufanye mtihani. Ukishafaulu, ukipata alama 6 ndani ya miaka miwili ya kwanza, leseni inafutwa na unaanza upya kama mwanafunzi. Matairi mawili mabovu yanatosha kukufikisha hapo, na anayeishi kwa kuendesha teksi au kuzungukia wagonjwa anajua hiyo ina maana gani kwa mshahara wake.

Mitumba hairuhusu huruma, ingawa najua inavyovutia mwezi wa kwanza wa kazi. Sheria inakubali iuzwe ikiwa ina angalau milimita 2, haina jeraha wala uvimbe, na imepigwa chapa ya PART WORN (yaani imeshatumika). Maduka mengine hayajali hata hiyo chapa. Lakini tuipigie hesabu. Chukua mfano wa tairi jipya la pauni 70 lenye milimita 8, na la mtumba la pauni 25 lenye milimita 4. Ukiyatumia yote mpaka milimita 1.6, jipya litakugharimu takriban pauni 11 kwa kila milimita na mtumba kama pauni 10 na nusu, karibu sawasawa. Ukiyaondoa kwenye milimita 3 kama inavyofaa, jipya ni pauni 14 kwa milimita, na mtumba ni pauni 25, kwa kuwa umenunua milimita moja tu. Ongeza gharama ya kufungwa mara nyingi zaidi, na ile bei rahisi inageuka kuwa mkopo wa riba.

Kuhusu majira, Uingereza hailazimishi matairi ya baridi. Raba ya tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, kwa hiyo anayetoka alfajiri kila siku, au anayeishi Scotland, atafaidika na tairi la misimu yote lenye alama ya mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake haitoshi. Mtengenezaji huiandika bila tairi kupitia jaribio lolote la theluji.

Dukani, uliza kama bei iliyotajwa ina kodi, valvu mpya, balansi na ada ya kutupa la zamani, kwa sababu nimeona pauni 60 ikifika 78 kaunta. Ukinunua mawili tu, mwambie fundi ayaweke nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Wengi watakubishia. Mbele ikiteleza, unaachia mafuta na gari linarudi mkononi. Nyuma ikiteleza, gari linazunguka kabla hujajua la kufanya, kama lilivyonifanyia mimi kwenye kile kipilefti. Upepo upime mara moja kwa mwezi tairi likiwa bado baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta.